Spea za mtandaoni Nairobi: hii "itaingia boss" imetuchosha

#1 MwanaFielder

Habari zenu wadau. Uzi huu ni wa sisi tuliowahi kutuma hela ya spea kwa simu tukaletewa chuma ambacho hata fundi anakigeuza-geuza akiuliza ni cha gari gani.

Bei kwanza. Mtu anapiga picha taa, anaandika "Fielder, Axio, Premio, mzigo upo, tunatuma kaunti zote 47". Namba ya simu kaweka, ramani ya duka kaweka, bei hakuna. Ukiuliza hadharani unajibiwa "njoo inboksi". Ukifika inboksi huulizwi gari ni la mwaka gani wala injini ipi. Unaulizwa uko wapi. Kilimani ina bei yake, Kayole ina bei yake, na ukisema Karen heri ungenyamaza.

Halafu wengi wao mzigo hawana. Picha ni ya duka la mwingine, na wewe ukishalipa ndipo kijana anatumwa kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road kuutafuta. Akiukosa analeta unaofanana nao. Hapo ndipo unapoambiwa "itaingia boss".

Langu ni Toyota Fielder, toleo la NZE141 lenye injini ya 1NZ. Nilikuwa natafuta taa ya mbele, upande wa dereva. Namba ya chesi nilimpa, picha ya taa iliyovunjika nilimpa, hata soketi ya nyuma nilimpigia picha. Jibu: "hizo zote ni moja". Imekuja taa ya HID, ile inayotumia balasti (kifaa cha kupandisha umeme), na gari langu ni la balbu ya kawaida ya halojeni. Waya haukubali, balbu haikubali. Nikampigia. "Boss hiyo ni orijino ya Japani, mwambie fundi abadilishe waya." Pesa hairudi kwa sababu "mali ikiuzwa hairudi", sheria ambayo haikuwepo popote mpaka nilipokwisha kulipa. Kubadilishiwa? "Tungoje kontena."

Tapeli anayekula hela na kuzima simu namwelewa, mwizi ni mwizi. Aliyenishinda ni huyu ambaye hapotei. Yupo, anapokea simu, ana Till (namba ya kulipia biashara kwa M-Pesa) yenye jina la biashara, anakuita boss kila sentensi, na bado taa ya watu imekaa sebuleni kwangu. Nyinyi mnafanyaje?

#2 KijanaWaUmo

Pole buda. Mimi nilikuwa nasaka saidi mira (kioo cha pembeni) ya Demio, ukurasa fulani ukaniambia thao nne unusu. Nikamtuma sistangu aulize hiyo hiyo, kwa ukurasa huo huo, jioni hiyo hiyo. Akaambiwa saba. Mira ni ileile, picha ni ileile, hata alama ya kidole kwenye kioo ni ileile.

#3 DadaWaRongai

Kijana, dada yako ana subira. Mimi kupiga simu nilishaacha. Sauti ikisikika ni ya mwanamke bei inapanda, na juu yake naanza kufundishwa gari langu ni gani. Siku hizi natuma namba ya spea peke yake, bila salamu ndefu, bila picha yangu kwenye WhatsApp. Mwenye mzigo anajibu "ipo" na bei. Asiye nao anauliza "hii ni ya gari gani?" na hapo nimeshamjua kuwa ni dalali.

MwanaFielder, namba ya chesi ulimpa mtu asiyejua kuitumia. Itumie mwenyewe kabla ya kumtafuta muuzaji. Magari yetu mengi yalitengenezewa soko la Japani, hayana ile VIN ya herufi na tarakimu 17 ya Ulaya na Marekani. Yana namba ya fremu: NZE141, kistari, halafu tarakimu saba. Ndiyo maana ukiiingiza kwenye tovuti za Wamarekani inakwambia gari hilo halipo duniani. Nenda kwenye katalogi ya Amayama au PartSouq, weka hiyo namba ya fremu, utafunguliwa michoro ya gari lako lenyewe, si ya Fielder ya jirani.

Kwenye mchoro kila kitu kina namba. Ya Toyota ina sehemu mbili za tano tano. Tano za mbele zinasema ni kitu gani: 04465 ni pedi za breki za mbele, 48510 shoki ya mbele kulia, 48520 ya kushoto, 81110 taa nzima ya mbele kulia, 81150 ya kushoto, 90915 filta ya oili. Tano za nyuma ndizo zinazosema ni ya gari lipi. Halojeni na HID zinaachana hapo nyuma. Muuzaji akikuambia "zote ni moja" muulize moja kwa tarakimu zipi.

#4 MwanaFielder

Dada asante sana, hii peke yake ingetosha kufungulia uzi. Lakini taa yangu ni ya mtumba, hawa wa ex-Japan hawana boksi wala karatasi yenye namba. Hapo unafanyaje?

#5 Fundi_Kariobangi

Hapo unasoma kioo. Taa za Japani nyingi ni za Koito, Stanley au Ichikoh. Chini ya kioo au pembeni kabisa kuna jina la kampuni na namba fupi. Taa yako iliyovunjika ina hiyo namba, hata kama ni kipande kimebaki. Mwambie muuzaji: nipigie picha namba ya kioo. Zikilingana, umbo na aina ya taa vinalingana. Watu wa Kirinyaga Road wenyewe ndivyo wanavyotafutiana mzigo, huwasikii wakisema "Fielder ya 2010". Wanatajiana namba.

Na hiyo habari ya kubadilisha waya usikubali. HID inataka umeme wa volti nyingi sana wakati wa kuwaka, ndiyo kazi ya balasti. Ukipachika balbu ya kawaida humo ndani mwanga unatawanyika ovyo na unawapofusha wenzako Thika Road.

Jambo jingine ambalo watu hawaangalii. Kuna taa zinakuja kupitia Dubai. Kule wanaendesha upande wa kulia wa barabara, sisi kushoto. Taa ya mbele hutengenezwa iinue mwanga upande wa ukingo wa barabara. Ya kule inainua mwanga kwa macho ya anayekuja. Nje zinafanana kabisa, masikio yanaingia, soketi inaingia. Usiku ndipo utashangaa kwa nini kila mtu anakuwashia taa.

#6 KijanaWaUmo

Fundi umeongea poa, lakini na nyinyi mna zenu. Nikileta spea niliyonunua mwenyewe mtandaoni, kabla hata ya kuitoa kwa karatasi fundi ashasema "hii ni feki". Nikimwambia aninunulie yeye, ile ile inakuwa orijino na bei imepanda. Duka linampa kitu kidogo, hii kila mtu Nairobi anaijua.

#7 Fundi_Kariobangi

Linanipa. Sifichi. Sasa nikuulize, boljoint uliyonunua kwa simu ikianza kugonga baada ya wiki mbili, nani anarudi? Ya duka langu narudi mimi kwa miguu yangu, namwekea mwenye duka mezani, ananipa nyingine kwa sababu kesho ananitaka. Kazi ya kufungua na kufunga mara ya pili sikudai. Ya kwako unanipigia mimi simu usiku, muuzaji kakublok, na kufungua tena ni pesa ambayo hutaki kulipa kwa sababu "ni wewe uliifunga". Hicho kitu kidogo ndicho waranti yako, ni vile tu hakijaandikwa.

Na sisemi feki kwa kila kitu. Nasema feki kwa boljoint ya kampuni ya 555 ambayo chapa yake inafutika kwa kidole.

#8 SpeaKirinyaga

Nimesoma kimya kimya, acha na mimi niseme maana ndiye mnayemsema, ijapokuwa si mimi niliyeuza hiyo taa.

Mnauliza kwa nini hatuandiki bei. Mimi niliandika. Ndani ya saa moja madalali walikuwa wamepiga skrinishoti ya picha zangu, wakakata jina la duka, wakaongeza elfu mbili na kuzituma kwenye magrupu yao. Mteja anakuja amekasirika kwangu kuhusu bei ambayo sikuitaja. Mtumba pia hauna bei moja. Kwenye kontena unaweza kupata taa tatu za gari moja: moja kioo ni safi, moja imepauka, moja sikio limevunjika na kugundishwa. Nikiandika bei ya ile safi naambiwa ghali, nikiandika ya iliyovunjika mtu anataka safi kwa bei hiyo.

Sasa nyinyi. "Nataka shoki za Vitz." Vitz gani? "Ile ndogo." Zote ni ndogo, mama! Namba ya chesi naomba, naambiwa gari liko na mzee kazini. Nampa ninachokisia kwa maelezo yake, hakiingii, halafu mimi ni mwizi.

Kwa nini vitu vya umeme hatupokei tena? Kwa sababu kuna mafundi, na Fundi hapo juu asikasirike, ambao hawana mashine ya kusoma gari. Gari linatetemeka, wanamwambia mteja koili. Koili inakuja, kumbe ilikuwa plagi. Koili inarudi kwangu ikiwa na oili na klipu imevunjwa, eti "haikuwa shida". Senza vivyo hivyo. Boksi la kompyuta ndilo baya kuliko yote. Likichomekwa kwenye gari lenye wayaring iliyoungua, linaungua nalo, kisha naletewa mimi.

Na kuhusu M-Pesa msijifanye malaika. Kuna mteja anapokea mzigo kwa boda, anageuka na kutuma ule ujumbe wa malipo kwa 456, namba ya kuomba hela irudishwe, eti alikosea namba. Hela yangu inazuiliwa nikihangaika kueleza. Ndiyo sababu siku hizi nataka Till, sitaki kutumiwa kwa namba yangu ya simu, na mzigo hautoki dukani bila kuona pesa kwenye akaunti. Ujumbe wa simu mtu anaweza kujiandikia.

#9 MwanaFielder

SpeaKirinyaga nimekuelewa, na ya madalali nakuunga mkono. Ya umeme pia sawa, japo mngeandika kabla ya kuuza. Lakini taa? Bampa? Kioo cha mlango? Vitu hivyo haviungui. Vikitoka kwenye boksi ndani ya siku hiyo hiyo, havijafungwa, na kosa ni la aliyechukua mzigo stoo, kwa nini hasara ni ya mnunuzi? Namba ya chesi nilitoa. Picha nilitoa. Gari halikuwa na mzee kazini.

#10 SpeaKirinyaga

Hiyo ya kwako ni kosa la muuzaji, sina la kumtetea. Mimi ningebadilisha na boda ya kurudisha ningelipa. Lakini nina duka, nina kodi ya mwezi, na wateja wananijua mlango. Huyo wako huenda alichukua kwa mwenye duka ambaye naye hakubali kurudishiwa, kwa hiyo akikurudishia wewe anatoa mfukoni. Dalali anaishi kwa ile tofauti ndogo. Akishaila hana cha kurudisha.

#11 Babu_wa_504

Vijana, nawasoma huku nacheka. Wakati wa Peugeot 504 ulikuwa unaingia dukani, mwenye duka anafungua kitabu kinene cha michoro kilichojaa grisi, anaweka kidole, anapanda ngazi, anashuka na kitu chako. Hiyo Kirinyaga Road mnayoitaja ilikuwa bado inaitwa Grogan vinywani mwetu, na wengi bado tunaiita hivyo. Gari lenyewe lilikuwa moja: 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na kila kijiji kilikuwa na mtu wa kulifungua. Leo mna Fielder za aina ngapi? Gari moja, injini tofauti, mbili zinavuta magurudumu yote, bampa mbili. Muuzaji naye asipokanganyika huyo si binadamu.

Lakini kile kitabu ndicho huyo binti wa Rongai anawaonyesha kwenye simu. Msikilizeni.

#12 Dereva_wa_Probox

Mimi niko kinyume kidogo na mwenye uzi. Taa isiyoingia itakukera, umetoa pesa, basi. Feki inayoingia ndiyo itakuua. Mimi nabeba mzigo Probox kila siku na hizi ndizo spea zinazoghushiwa sana: boljoint na tairodi za 555, plagi za NGK na Denso, koili za Denso zenye namba ile ile 90919-02240 kwenye kichwa, beringi za Koyo, pedi za breki kwenye boksi la Toyota. Boksi ni zuri kuliko la kweli. Picha ya mtandaoni haikuonyeshi uzito, haikuonyeshi grisi ndani ya mpira, haikuonyeshi kama boljoint inacheza kabla hata haijafungwa. Kitu cha kushika usukani na cha kusimamisha gari sinunui kwa picha. Nakwenda nakishika.

Na bei ndiyo inayosema. Ukiambiwa plagi nne za iridiamu kwa bei ya moja, unajua ulichonunua.

#13 DadaWaRongai

Nakubaliana na Dereva. Mimi mtandaoni nanunua vitu vya mwili wa gari na vya ndani: taa, mira, vishikio vya milango, swichi za vioo. Vya kusimamisha gari hapana.

Kuhusu alama za KEBS, shirika la viwango la Kenya, usiishie kuangalia stika. Ile ya ubora kwa bidhaa za hapa nchini ina namba ya kibali, unaituma kwa ujumbe kwenda 20023 na unajibiwa ni ya kampuni gani na bidhaa gani. Stika yoyote mtu anaweza kuchapisha River Road kabla ya chai ya saa nne.

#14 Wakili_Mtaani

Naona sheria imetajwa kama haipo. Ipo, tena nyingi. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili, haki ya kupewa habari, na fidia akiumizwa na kasoro. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema kitu kikiuzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo. Na ukimweleza muuzaji matumizi unayoyataka, ukategemea ujuzi wake, kitu kinapaswa kufaa kwa matumizi hayo. MwanaFielder alitoa namba ya chesi na akahakikishiwa. Hapo hoja ni nzito. Sheria ya Kulinda Watumiaji wa Bidhaa ya 2012 nayo ina vifungu kuhusu mikataba ya intaneti, vinavyomtaka muuzaji atoe maelezo ya bidhaa na masharti kabla ya kufunga mapatano. "Mali ikiuzwa hairudi" iliyotokea baada ya pesa kulipwa haikuwa sehemu ya mapatano yenu.

Mahali pa kwenda ni Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya 2016, ile ya Milimani, Nairobi, ilianza kazi 2021. Inachukua madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

#15 KijanaWaUmo

Wakili utamshtaki nani? Jina la Instagram?

#16 Wakili_Mtaani

Swali zuri, na ndiyo maana nasema lipa kwa Till. Kabla malipo hayajakamilika M-Pesa inakuonyesha jina la unayemlipa. Jina hilo, ujumbe wa malipo na mazungumzo ya WhatsApp usiyoyafuta, huo ndio ushahidi wako. Ukituma kwa namba ya mtu binafsi unapata jina la mtu tu, na kumfikishia hati ya mashtaka ni shughuli. Muulize anuani ya duka kabla ya kulipa. Asiyekuwa nayo umeshajibiwa.

Sitawadanganya kwamba nitaacha kazi kufuata elfu nne Milimani. Lakini mwandikie ujumbe wa heshima wenye jina la sheria, kifungu, na tarehe ya mwisho ya kukurudishia, halafu nyamaza. Wenye biashara ya kweli hawapendi jina lao lifike huko.

#17 NoteNaNusu

Mimi niliamua kuwaruka wote. Nissan Note E12, ile yenye supachaja, kila mtu mtandaoni anakuuzia kitu cha ile isiyo nayo. Ukimwambia injini ya HR12DDR anakuuliza "hiyo ni nini". Na oili ya gia ya CVT, Mungu wangu. Gari linataka oili aina ya NS-3, unaletewa galoni limeandikwa "CVT" tu, la magari yote ya ulimwengu.

Basi naagiza mwenyewe Japani kwa namba ya spea. Bei ya kitu inaweza kuwa chini kuliko ya hapa, lakini msidanganyike na bei ya kwenye tovuti. Ongeza nauli ya ndege, ongeza ushuru wa forodha, ongeza ada za KRA, mamlaka ya mapato, za kuingiza mzigo, halafu VAT ya asilimia 16 inapigwa juu ya thamani pamoja na nauli na ushuru, si juu ya bei ya kitu peke yake. Vitu vidogo vyepesi kama senza, inalipa. Bampa usijaribu, nauli inahesabiwa kwa ukubwa wa boksi na bampa ni hewa tupu. Mzigo ukikosewa huko nao, kuurudisha Japani hakuna maana. Tofauti ni kwamba hawakosei kirahisi, kwa sababu hawauzi kwa jina la gari.

#18 MwanaFielder

NoteNaNusu, mzigo wako unachukulia wapi?

#19 NoteNaNusu

Ukija kwa posta, unaitwa posta, unalipa ushuru hapo. Ukija kwa kampuni ya usafirishaji wanakupigia, wanakutumia hesabu ya KRA, unalipa, wanakuletea. Kampuni ni haraka ila wana ada yao juu. Beba risiti ya ulichonunua, usipokuwa nayo wao ndio watakadiria thamani, na makadirio yao hayajawahi kuwa ya huruma.

#20 KijanaWaUmo

Tukirudi kwa mira yangu. Jana nimetumiwa picha nyingine, bei safi sana, thao mbili unusu. Nikaangalia kwa kioo, pembeni pamesuguliwa, kama palikuwa na herufi. Nikaona K na D zimebaki hafifu.

#21 Fundi_Kariobangi

Hiyo ilichorwa namba ya gari la mtu ikasuguliwa. Iache.

#22 KijanaWaUmo

Lakini fundi, yangu nayo iliibiwa kwa jam pale Globe. Huenda hata ndiyo hiyo imerudi. Nisinunue mali yangu?

#23 Wakili_Mtaani

Kupokea mali ya wizi ukijua au ukiwa na sababu ya kujua ni kosa kwa Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu. Umeshatuandikia hapa kwamba umeona pamesuguliwa. Kijana, usiendelee kuandika.

#24 DadaWaRongai

😂😂 Na ndiyo hiyo inayoendesha soko zima. Tunaibiwa Jumatatu, tunauziwa Jumatano, tunashukuru bei. Namba za mira chora kubwa, katikati ya kioo ikibidi. Itakuwa mbaya kwa macho, lakini hakuna atakayeisugua akabaki na kioo cha kuuza.

MwanaFielder, hiyo taa ya HID kioo chake ni namba gani? Shemeji yangu ana Fielder ya HID, ya kulia ilipigwa na mkokoteni. Ikilingana anaweza kuichukua, nawe ukamalizane na huyo wa "itaingia" kwa wakati wako.

#25 MwanaFielder

Dada nimekuandikia kando, nimekutumia picha ya kioo na masikio yote matatu. Bei nimeweka ile ile niliyolipa, ujumbe wa M-Pesa upo ukitaka kuuona.

#26 Mgeni_Ruiru

Samahani wakubwa, mimi ni mgeni hapa. Nina Honda Fit, taa ya SRS, ile ya eabegi (mifuko ya hewa ya kukinga ajalini), imewaka kwenye dashibodi na haizimi. Kuna mtu anauza eabegi ya usukani mtandaoni, mtumba wa Japani, elfu sita, picha ni safi na anasema kuna waranti ya wiki moja. Ninunue?

#27 Dereva_wa_Probox

Waranti ya wiki moja ya eabegi unaijaribuje? Unagonga ukuta Jumapili?

#28 Fundi_Kariobangi

Mgeni karibu. Usinunue. Dereva amekujibu kwa utani lakini amekujibu. Eabegi ya mtumba huijui ilikaa wapi, na za miaka ya nyuma nyingi zilikuwa za Takata, kampuni ya Japani iliyokuwa ikitengeneza eabegi. Kemikali yao iliharibika kwa joto na unyevu, chuma kikawa kinapasuka na kurusha vipande kwa dereva. Magari mamilioni yaliitwa kurudishwa, na Honda ndiyo iliguswa zaidi. Takata wenyewe walifilisika 2017. Mzigo wa mtumba unaweza kuwa umetoka kwenye gari ambalo halikuwahi kurekebishwa, na picha safi haisemi lolote.

Pia taa ya SRS haimaanishi eabegi imekufa. Mara nyingi ni ile kebo iliyojiviringa nyuma ya usukani, imekatika kwa kugeuzwa miaka mingi, au soketi ya manjano chini ya kiti imelegea kwa kusukumwa na viatu na chupa. Honi inalia? Vitufe vya redio kwenye usukani vinafanya kazi?

#29 Mgeni_Ruiru

Honi wakati mwingine inalia, wakati mwingine hailii. Vitufe vya redio vilikufa mwezi uliopita, nikadhani ni redio.

#30 Fundi_Kariobangi

Basi nashuku hiyo kebo. Mtu akusomee kwa mashine kwanza kabla ya kununua chochote, Ruiru hapo kuna wenye mashine za Honda. Akithibitisha, chukua namba iliyo kwenye kebo yenyewe. Ile yenye vitufe vya redio na isiyo navyo hazifanani. Na asiguse usukani kabla ya kuchomoa betri na kungoja dakika kadhaa. Akikwambia haina haja, tafuta mwingine.

#31 DadaWaRongai

Ukipata namba iweke hapa. Usiandike "Fit".